Honi Haipigi, Taa ya Eabegi Inawaka: Ufungue Usukani Mwenyewe au Umwachie Fundi?



Wiki hii nilipanga tuongee kuandaa mashamba ya alizeti kabla mvua hazijaanza. Naomba tuahirishe kidogo. Kuna jambo limenikaa kooni tangu mavuno ya zabibu ya mwezi wa nane, na nimeona nikiendelea kunyamaza, mwingine ataumia.

Nianze na kisa chenyewe, na nitakieleza kama kilivyokuwa, hata pale kinaponiaibisha.

Kuna kijana mkulima wa zabibu upande wa Hombolo. Simtaji jina, lakini ni mmoja wa vijana ninaojivunia. Alianza na robo eka, leo ana eka mbili na nusu na pickap ya mtumba iliyotoka Japani. Jioni moja katikati ya mavuno akanipigia simu: "Bwana shamba, honi imekata. Na kuna taa imewaka kwenye dashibodi, ile yenye picha ya mtu amekaa na puto mbele yake. Kesho alfajiri napeleka mzigo mjini. Nifanyeje?"

Nilikuwa nakula. Nikamjibu bila hata kuweka kijiko chini: "Hiyo ni waya tu imekatika humo ndani ya usukani. Fungua mfuniko wa katikati, halafu vuta umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, gusisha soketi moja moja. Ile itakayoliza honi ndiyo yenyewe."

Akafanya kama nilivyomwambia. Alifanya usiku, kwa tochi ya simu, betri ikiwa haijachomolewa. Aliposhika soketi ya njano na kuigusisha zile waya mbili, eabegi ililipuka mkononi mwake. Kifundo cha mkono wa kushoto kikavunjika, uso ukachubuka, sikio likapiga mluzi siku tatu. Alifungwa hogo wiki sita. Pickap ikalala, akakodi gari la mtu kwa bei ya mtu mwenye haraka, na sehemu ya zabibu zikaiva kupita kiasi zikiwa bado kwenye mizabibu. Zabibu hazisubiri hogo.

Nilipokwenda kumjulia hali, mama yake alinikaribisha vizuri, akaniletea kiti na maji. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, kumbe na magari ulisomea?"

Sikuwa na jibu. Stashahada yangu ni ya kilimo. Nilitoa ushauri wa kitu nisichokijua kwa sababu tu mtu aliniuliza, na kwa sababu niliwahi kumwona fundi akigusisha waya hivyo hivyo. Baada ya hapo nilienda kukaa na fundi mmoja mzee wa umeme wa magari hapa mjini, Jumamosi mbili mfululizo, nikiuliza maswali ambayo ningeyauliza kabla. Haya hapa chini ndiyo niliyojifunza. Wengi wenu mna pickap, Noah au kirikuu za kubebea mazao, kwa hiyo yanawahusu.

Ndani ya usukani kuna nini?

Tuanze na picha kichwani. Usukani unazunguka. Lakini honi, eabegi na vile vitufe vya redio vilivyo juu yake vinahitaji umeme unaotoka kwenye sehemu ya gari isiyozunguka. Ukiunganisha waya wa kawaida, ukikata kona mara chache tu utajisokota na kukatika.

Ndiyo maana nyuma ya usukani kuna kidude cha plastiki cha duara, ndani yake kuna utepe mwembamba wa waya uliosokotwa kama springi ya saa ya zamani. Ukigeuza usukani kulia unajikunja, kushoto unajikunjua. Mafundi wanakiita kloki springi. Umeme wa honi, wa vitufe na wa eabegi, wote unapita humo.

Utepe huo unachoka. Gari linalopita barabara za mashimo na makorongo, usukani ukichezeshwa kulia na kushoto siku nzima, na vumbi letu la kiangazi linaloingia kila mahali, linauchosha mapema. Ukikatika, vitu vyote vinavyoutegemea vinaweza kufa kwa pamoja.

Na eabegi yenyewe ni nini? Ni mfuko uliokunjwa, na nyuma yake kuna chombo chenye kemikali. Ajali ikitokea, kompyuta ya gari inapeleka umeme kidogo, kemikali inawaka, gesi inajaza mfuko haraka kuliko unavyofumba jicho. Kwa lugha ya kwetu, umekaa mbele ya baruti ndogo iliyofungwa vizuri, na kiwashio chake ni umeme. Mimi nilimwambia mtu apeleke umeme.

Soma dalili kabla ya kushika bisibisi

Ukiona majani ya mahindi yana matundu, hukimbilii duka la pembejeo. Unafunua kwanza katikati ya mmea, unaangalia kama ni viwavijeshi vamizi, panzi au kitu kingine. Umeme wa gari ni vilevile. Dalili zinakuambia tatizo liko upande gani.

1. Honi peke yake haipigi, vitufe vya redio vinafanya kazi, taa ya eabegi haiwaki. Mara nyingi tatizo liko nje ya usukani: fyuzi, rilei, honi yenyewe au ethi. Hii unaweza kuianza mwenyewe.

2. Honi inapiga usukani ukiwa umenyooka, ukikata kona inakufa, ukirudisha inafufuka. Hapo shuku kloki springi.

3. Honi imekufa, vitufe vimekufa na taa ya eabegi inawaka, vyote pamoja. Hapo karibu uwe na uhakika ni kloki springi. Hiyo ndiyo ilikuwa hali ya kijana wetu. Maelezo yote niliyohitaji alinipa kwenye simu, mimi ndiye sikuyasikiliza.

4. Taa ya eabegi peke yake. Inaweza kuwa kitu kingine kabisa, hata soketi iliyolegea chini ya kiti. Nyinyi mnaosukumiza chupa za dawa, minyororo na spana chini ya viti, mnazisumbua waya za huko. Gari lipimwe kwa mashine.

5. Taa yenye picha ya usukani na alama ya mshangao inawaka, na usukani umekuwa mzito. Hiyo ni hitilafu ya mota ya umeme inayosaidia kugeuza usukani. Wakati mwingine chanzo ni betri iliyochoka au chaji ndogo, kwa hiyo pima betri kwanza. Ila usipakie mzigo na kuingia barabara kuu na usukani wa namna hiyo. Ukikutana na lori kwenye kona za Gairo hutapata muda wa kupigana nao.

Kazi zilizo zako

Sisemi kila kitu umwachie fundi. Kijana anayefanya kilimo biashara anapaswa kujua gari lake kama anavyojua pampu yake. Mambo haya yako nje ya usukani, na unaweza kuyafanya mwenyewe asubuhi moja.

*Fyuzi.* Fungua boksi la fyuzi, angalia mchoro kwenye mfuniko, tafuta ya honi. Ikiwa imeungua, weka mpya yenye namba ileile ya ampia. Usiweke kubwa zaidi, na usifunge waya au karatasi ya sigara badala yake. Fyuzi ikiungua tena ujue kuna shoti mahali, na ukiweka kubwa unahamisha moto kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye waya.

*Rilei.* Kwenye boksi hilohilo kuna rilei ya honi. Mara nyingi kuna nyingine inayofanana nayo kabisa, yenye namba ileile. Badilishana. Honi ikilia, umepata mchawi.

*Honi yenyewe.* Iko mbele, nyuma ya grili, na ndiyo inayokula vumbi na matope. Chomoa soketi yake, peleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye honi. Isipolia, honi imekufa, nunua nyingine. Ni kipimo kilekile nilichomwambia kijana afanye ndani ya usukani. Huku mbele ya gari ni sahihi, kule kilimvunja mkono.

*Ethi.* Bolti inayoshika honi na waya wa ethi ikiwa na kutu, safisha kwa msasa, kaza.

*Betri.* Kwa maltimita, betri nzima gari likiwa limezimwa inaonyesha kama volti 12.4 hadi 12.7. Gari likiwaka, isogee kwenye volti 13.5 hadi 14.5. Chini ya hapo, taa nyingi za ajabu zitawaka kwenye dashibodi na utadhani gari limerogwa.

*Panya.* Hili wakulima tunalisahau. Ukilaza gari jirani na ghala la alizeti au mahindi, panya wanaotoka kula mbegu wanaingia kwenye injini kulala, na meno yao hayana dogo. Angalia waya zilizotafunwa, halafu hamishia gari mbali na ghala.

Na jambo moja la kinga: ukipeleka pickap kuchomelea bomba za bodi, mwambie mchomeleaji achomoe betri kwanza. Umeme wa kuchomelea unaweza kuunguza kompyuta za gari, ile ya eabegi ikiwemo.

Mstari wa njano

Ukimaliza hayo yote na honi bado haipigi, au tangu mwanzo dalili zilikuwa namba 2 au 3, umefika kwenye mstari. Mstari wenyewe una rangi. Kwenye magari mengi ya Kijapani, soketi na waya za eabegi ni za njano. Watengenezaji waliweka rangi hiyo makusudi ili mtu yeyote, hata asiyesoma Kijapani, aelewe.

Kanuni yangu sasa ni hii: ukiona njano, kazi si yako tena. Usipime kwa tesa. Usipime hata kwa maltimita, maana maltimita ikipima waya inapeleka umeme wake kidogo, na huo haupaswi kufika kwenye eabegi. Usigusishe waya wa betri. Usisogeze uso ukachungulia.

Mtu atasema, "Lakini nimeona kwenye video, jamaa ametoa usukani mzima kwa dakika kumi." Kweli, inawezekana. Nimekaa na fundi nikamwona akifanya. Lakini angalia alichofanya kabla ya kugusa chochote:

Alinyoosha magurudumu yakaangalia mbele. Alizima gari, akatoa ufunguo. Akachomoa kichwa cha hasi cha betri. Kisha akakaa. Nikamuuliza anangoja nini. Akaniambia kompyuta ya eabegi inahifadhi umeme wake wa akiba, ili ajali ikikata betri mfuko bado ufunguke. Kwa hiyo hata betri ikichomolewa, hatari ipo kwa muda. Vitabu vya matengenezo vya magari mengi ya Kijapani vinataka usubiri angalau sekunde 90. Yeye husubiri dakika kumi, na anasema hajawahi kuzijutia.

Alipoitoa eabegi, aliibeba sehemu ya mfuko ikiangalia mbali na mwili wake, akaiweka mezani mfuko ukiangalia juu. Ukiilaza kifudifudi halafu ikalipuka, inaruka kama jiwe la manati.

Mwisho kabisa, kabla ya kufunga kloki springi mpya, aliiweka katikati: unaizungusha taratibu mpaka mwisho wa upande mmoja, kisha unarudisha kwa kuhesabu mizunguko kama ilivyoandikwa, mpaka alama zikutane. Ukiruka hatua hiyo, gari litatoka gereji likiwa zima, na siku utakapokata kona hadi mwisho utepe mpya utakatika. Umelipa mara mbili.

Je, unaweza kujifunza hayo? Unaweza. VETA wanafundisha umeme wa magari, na kama una gari la biashara ni elimu nzuri kwako. Lakini usijifunzie usiku, kwa tochi ya simu, ukiwa na mzigo wa kupeleka alfajiri.

Kuna gari ambazo mstari huu haupo. Pickap za zamani zisizo na eabegi kabisa, na matrekta yetu ya shambani, hazina hiyo baruti. Kwenye pickap hizo mara nyingi honi inapata umeme kwa kidude cha shaba kinachosugua duara la chuma nyuma ya usukani. Kikilika au kikijaa uchafu, honi inakata. Chomoa betri, fungua, safisha, rudisha. Ila hakikisha kwanza kwamba gari lako kweli halina eabegi. Angalia katikati ya usukani kama kuna maandishi ya SRS, na angalia dashibodi unapowasha swichi kama ile taa ya mtu na puto inatokea.

Kuzima taa si kutengeneza

Sasa nije kwenye ujanja wa mtaani, maana najua ndiko wengi mtakakokimbilia. Fundi anakwambia: "Nipe elfu kumi na tano, nakuwekea kitufe cha honi hapa kwenye dashibodi, na hiyo taa naizima." Unaondoka ukifurahi.

Kitufe cha pembeni sina ugomvi nacho sana, mradi kimeungwa kupitia rilei na fyuzi yake na hakijagusa waya za usukani. Ni kama kumwagilia kwa ndoo pampu ikifa katikati ya kiangazi. Kinakuvusha wiki ya mavuno, hakikuvushi msimu. Na ubaya wake ni kwamba mtoto wa mbuzi au mtoto wa mtu akikatiza ghafla, mkono wako utapiga katikati ya usukani kwa mazoea, na hakutasikika kitu.

Ila kuzima taa ni jambo jingine. Ile taa inakuambia kwamba ukigonga, mfuko unaweza usifunguke. Kung'oa balbu, kuibandika utepe mweusi au kuiunga na taa nyingine ni sawa na kung'oa majani yenye ugonjwa ili afisa ugani akija asiyaone. Ugonjwa umebaki shambani.

Na hapa kuna kipimo cha bure kwa yeyote anayekwenda kununua gari la mtumba, hata la jirani. Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya eabegi inapaswa kuwaka sekunde chache, kisha kuzimika yenyewe. Ikiwaka ikabaki, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameshaichezea, na huenda humo ndani ya usukani hamna eabegi, kuna mfuniko mtupu.

Somo la mbolea ya CAN

Kuna wanaoniuliza: si ninunue tu eabegi iliyotolewa kwenye gari lililogongwa? Hapa niwape hadithi ambayo mkulima ataielewa kuliko mtu yeyote.

Mnajua mbolea ya CAN. Ukiiacha mfuko wazi msimu wa mvua, inavuta unyevu, inaganda, tabia yake inabadilika. Ndani ya CAN kuna amoniamu nitrati. Sasa, kampuni moja kubwa ya Kijapani, Takata, ilitumia amoniamu nitrati kama kemikali ya kujaza eabegi. Baada ya miaka kadhaa ya joto na unyevu, kemikali ile ilikuwa inaharibika. Ajali ikitokea, badala ya kujaza mfuko, ililipua chombo chenyewe cha chuma na vipande vikamrukia dereva. Watu walikufa katika nchi mbalimbali, kwenye ajali ambazo wangetoka salama. Magari ya makumi ya mamilioni yaliitwa kurudishwa duniani kote, na mwaka 2017 kampuni hiyo ikaomba kufilisika.

Magari yaliyohusika yalikuwa ya kampuni nyingi, na mtumba wetu unatoka kwenye soko lilelile. Kwa hiyo mambo mawili. Kwanza, usinunue eabegi ya mtumba usiyojua historia yake. Pili, chukua namba ya chasi ya gari lako, ingia kwenye tovuti ya kampuni iliyolitengeneza au uliza wakala wake, uone kama liliwahi kuitwa na kama lilibadilishwa. Hiyo ni kazi ya simu yako, haina hatari.

Tupige hesabu

Wakulima wa biashara tunaamua kwa hesabu, sio kwa hasira. Hizi ni gharama nilizokutana nazo mimi hapa Dodoma nilipolifuatilia gari la yule kijana, kwako zinaweza kupanda au kushuka kulingana na gari:

Fyuzi: shilingi 500.
Maltimita ya kawaida: 25,000.
Kloki springi ya mtumba, nzima: 90,000.
Ufundi pamoja na kupima kwa mashine: 50,000.

Yaani kwa shilingi 140,000 na nusu siku, lile gari lingetoka gereji likiwa na honi, vitufe na eabegi yake ileile ikiwa nzima. "Akiba" tuliyoitafuta usiku ule ilikuwa ule ufundi wa 50,000 tu, maana kloki springi angeinunua vyovyote vile. Upande wa pili wa mizani kulikuwa na kifundo cha mkono, wiki sita, gari la kukodi, zabibu zilizoiva kupita kiasi, na eabegi ambayo sasa inatakiwa nyingine.

Kwa hiyo kabla ya kuamua, jiulize swali moja: *nikikosea hapa, nitapoteza nini?* Ukikosea fyuzi, umepoteza mia tano. Ukikosea rilei, umepoteza asubuhi. Ukikosea soketi ya njano, umepoteza msimu. Kazi ambayo kosa lake unaweza kulilipa, ifanye mwenyewe na ujifunze. Ile ambayo kosa lake huwezi kulilipa, mlipe anayeijua.

Maswali ya kumuuliza fundi

Na si kila mwenye spana ni fundi wa kazi hii. Muulize haya kabla hajagusa gari:

Utachomoa betri? Utasubiri dakika ngapi? Una mashine ya kusoma makosa ya eabegi, au utakisia? Kloki springi utaiwekaje katikati? Na mwisho, ukimaliza, taa itawaka na kuzimika yenyewe nikiwa naangalia?

Akikujibu "usijali, bosi, hizi nimezizoea," mshukuru, ondoka. Fundi anayeijua kazi hakasiriki kuulizwa. Yule mzee niliyekaa naye alifurahi, akasema ni mara chache mteja anamuuliza anangoja nini.

Tumalizie

Kijana wetu ametolewa hogo, mkono unarudi taratibu. Bado hawezi kushika mkasi wa kupogolea kwa muda mrefu, kwa hiyo safari hii kupogoa tulisaidiana. Nilikwenda siku mbili, mimi na mkasi wangu. Hiyo kazi nimeisomea. Mama yake alituletea ugali wa uwele na mlenda, na swali lile hakulirudia.

Simu zenu naendelea kupokea, usiku na mchana. Ila mkiniuliza jambo la gari, jibu langu siku hizi ni fupi: niambie dalili zote kwanza, na usifungue kitu mpaka tumemuuliza anayejua.

Wiki ijayo tunarudi kwenye alizeti. Andaeni jembe, mvua haziko mbali.